Kifuniko Cheusi, Kifuniko Cheupe

Juzi niliingia duka moja hapa Voi, jipya, la vioo na taa nyingi, na kabla sijatoa salamu kijana mmoja akanipulizia kitu usoni. Usoni, wajukuu zangu! Mimi mwanamke mzima na buibui langu. Nikapiga chafya mpaka nikashika meza. Yeye akacheka, akasema, "Hii ndiyo iko juu sasa hivi, shosho." Nikamwuliza: ni nyepesi au nzito? Inamfaa mtu wa jua au mtu wa baridi? Akatoa simu akaanza kutafuta. Nikamwacha akitafuta, nikatoka zangu.

Ndiyo sababu nimeomba karatasi na kalamu. Nimeuza manukato mjini hapa tangu bendera ya uhuru ingali mpya mpaka magoti yaliponiambia basi, na nyinyi mnaosimama nyuma ya vioo mkijiita wauzaji, sidhani kama kuna mmoja wenu anayeweza kutofautisha miski na sabuni ya kufulia. Mnasoma maandishi ya boksi. Boksi alisome mteja mwenyewe, macho anayo. Wewe umewekwa pale kwa ajili ya pua.

Mimi nilifundishwa na shangazi yangu, Mwanaidi, aliyekuwa na kiduka karibu na soko. Nilipofika kwake kutoka pwani nilikuwa msichana anayejua kusoma na kufuma, na nikadhani kazi ni kukaa kwenye kiti na kunukia. Shangazi alinifunga macho kwa leso, akanipitishia vizibo puani kimoja kimoja: udi, asmini, waridi, miski. Nikikosea, ananipiga kikofi cha mkono. Baada ya vichache nikaanza kutaja majina ovyo. "Umechoka," akasema. "Pua huchoka kabla ya miguu. Nusa mkono wa nguo yako mwenyewe, usubiri, kisha rudi." Nenda leo katika maduka yenu uone kama kuna anayemwambia mteja apumzishe pua. Mnampulizia saba kwa mpigo, anatoka na kizunguzungu na chupa asiyoijua.

Siku hizo mafuta mazuri yalikaa kwenye chupa kubwa za vizibo vya kioo, nasi tukimpimia mtu kidogo kidogo katika kichupa chake. Wiki zangu za kwanza niliwahi kuosha vizibo vyote pamoja, nikavirudisha nilivyodhani ndivyo. Mzee mmoja mcha Mungu akaenda msikitini Ijumaa akinukia kama bi harusi. Alirudi dukani ametuna, na shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifanya nivioshe vizibo vyote upya, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na chupa yake. Sikurudia tena.

Halafu zikaingia chupa za madukani, za kupuliza, na hapo ndipo wanaume walipoanza kunichosha. Kulikuwa na manukato fulani ya kiume yenye picha ya mtu juu ya farasi. Jina lake la Kizungu hakuna aliyeweza kulitamka, tukayaita Farasi. Yalikuja namna mbili: chupa ya kifuniko cheupe na chupa ya kifuniko cheusi. Harufu ilikuwa ileile moja. Nyeupe ilikuwa nyepesi, nyeusi ilikuwa nzito, basi, kama chai ya majani machache na chai ya majani mengi.

Lakini mwambie mwanamume hivyo! Alikuwa akiingia kifua mbele, anaelekeza kidole kwenye kifuniko cheusi kabla hata hajakaribia meza. Ukimwambia anuse zote mbili, anakutazama kama umemtukana.

"Hiyo nyingine si ni ya akina mama?"

Ya akina mama, na farasi yuleyule juu yake, na ndevu zilezile za mpanda farasi! Niliwahi kumwuliza mmoja kama anadhani farasi wa kifuniko cheupe ni jike. Hakucheka. Alilipa, akachukua nyeusi, akatoka.

Sikilizeni sasa, maana hili ndilo mnalopaswa kulijua na hamlijui. Voi ni jua. Kwenye jua harufu haikai kimya mwilini, hupanda. Mtu akijipaka nzito asubuhi, akatembea kutoka sokoni mpaka stesheni, anafika watu wanampisha njia na yeye anadhani ni heshima. Kwa Voi, mpe mtu nyepesi, ajipake tena jioni akitaka. Kule milimani ni kinyume. Mghange kuna ukungu na baridi, na baridi huifunga harufu. Unajipaka, huisikii. Unaongeza, huisikii. Unadhani imekwisha, kumbe imelala tu. Subiri uingie katika nyumba yenye moto wa mafiga. Hapo huamka yote kwa pamoja, ile ya kwanza na ile uliyoongeza.

Na usimnusishe mteja mdomo wa chupa. Mtie nyuma ya kiganja, asisugue, mwambie aende akanunue nyanya kisha arudi. Akirudi ndipo anajua ananunua nini. Shangazi alikuwa akisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kuna wanaume katika mji huu ambao manukato yao yalifika baraza kabla yao.

Alikuwako askari mmoja wa mbugani, mrefu, mwenye soksi safi. Alichukua nyeusi nikimwangalia. Wenzake walikuja kunisimulia baadaye: walikuwa wakifuatilia nyayo za majangili kimyakimya vichakani, upepo ukageuka, na kundi zima la ndovu likainua mikonga likawatazama wao. Walikimbia mpaka mmoja akaacha kiatu. Sajenti wao alimwamuru aoge mtoni mbele ya wote. Yule bwana hakurudi dukani kwangu, na alinilaumu mimi kwa watu, ilhali nilikuwa nimemwambia mapema kwamba kazi yake ni ya kunyemelea.

Sasa niwaambie habari ya Mwadime.

Mwadime alikuwa nyapara katika shamba la mkonge, kijana wa Kitaita, mcheshi, mwenye meno mazuri. Kama hamjawahi kukaa karibu na kiwanda cha mkonge, mshukuruni Mungu. Ule uchafu unaobaki baada ya kukamua nyuzi hunuka uchachu unaoshika nguo, nywele, hata kucha. Mwadime aliionea aibu harufu hiyo. Akiingia dukani alisimama mbali kidogo na meza, kama mtu anayedaiwa. Mimi wala sikuona ubaya, ni harufu ya kazi.

Siku hiyo alikuja amechangamka. Alikuwa amepata msichana, Mkawasi, wa Mghange, na Jumamosi wazee wake wangepanda naye kwenda kumposa. Akataka kifuniko cheusi.

Nikamwambia, "Mwadime mwanangu, hiyo hapana. Unakwenda nyumba ya watu, utakaa karibu na moto. Chukua nyeupe. Oga vizuri, jisugue kwa limau, vaa shati safi, utie kidogo tu shingoni."

"Mama, mimi natoka mkonge. Hii nyepesi itashindwa."

"Harufu haifunikwi kwa harufu. Ukizichanganya unapata ya tatu, mbaya kuliko zote mbili."

Akacheka. Nikamwambia tena, kwa upole, maana nilimpenda kijana yule. Nikamshika mkono nimtie ile nyepesi aijaribu. Akauvuta mkono wake, akageukia wenzake waliokuwa mlangoni, akasema kwa sauti wamsikie:

"Sasa nyinyi, mwanamke ndiye ataniambia vile mwanaume anafaa kunukia?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamfungia kifuniko cheusi katika gazeti, nikampa. Nilikasirika, sitaficha, lakini mteja mkaidi hufungiwa anachotaka.

Jumatatu yake akaja dukani mjomba wake Mwadime, Mzee Righa, kofia mkononi, hajalala. Alimtaka shangazi. Shangazi alikuwa amelala ndani na miguu yake iliyovimba, akamsikiliza kupitia pazia.

Mambo yalikuwa hivi. Watu wa kule hawaendi kuposa mikono mitupu. Huchukua mbangara, pombe yao ya miwa, katika kibuyu. Wazee wa msichana hunywa, na kunywa huko ndiko kukubali. Mwadime alijipaka Voi. Walipopanda juu ukungu ukawakuta, akaona haisikiki, akajipaka tena, viganja, shingo, kifua. Halafu, kuonyesha bidii, akakibeba yeye mwenyewe kile kibuyu kutoka barabarani, akikikumbatia, na kila kilipotaka kumwagika anakisukuma kizibo kwa kiganja. Kizibo chenyewe kilikuwa gunzi la mahindi. Nyinyi wa plastiki hamjui: gunzi hunywa kila kitu.

Baba yake Mkawasi akapiga funda la kwanza, akatema motoni. Mzee wa pili akaonja, akatema. Nyumba nzima wakati huo imejaa kitu kizito kisichojulikana kinatoka wapi, vichwa vinauma, macho yanatoka machozi. Jambo moja tu wangeweza kufikiri.

"Wamesema tumetia dawa," Mzee Righa akasema. "Dawa ya kuwafunga akili ili watoe mtoto. Wameisimamisha posa, na Mwadime wamembakisha kule mpaka neno liishe. Ikibaki hivyo, mama, huyu kijana hataoa popote milimani, na mimi sitakaa tena baraza la wazee. Watu wa dawa, ndivyo tutakavyoitwa sisi na watoto wetu. Mkaseme nyinyi ni kitu gani hicho alichojipaka, labda watasikia."

Shangazi akaniambia kutoka ndani, "Wewe ndiye uliyemuuzia. Nenda."

Nikachukua chupa zote mbili, nikapanda basi la Wundanyi na Mzee Righa, tukamalizia kwa miguu. Njiani nilikuwa nikijisemea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwanamume anadharau ushauri wa bure, halafu mwanamke anapanda mlima kwenda kumtetea. Baridi ilinipiga mpaka meno yakagongana.

Walitupokea kwa adabu isiyo na tabasamu. Mwadime alikuwa ameketi pembeni, koti lake lilelile la Jumamosi, ameinamisha kichwa. Mimi pombe sinywi wala sikai nayo, lakini siku hiyo nilikaa karibu na mlango nikaomba jambo moja: nionyeshwe kizibo cha kile kibuyu. Baba yake Mkawasi alikuwa amekihifadhi juu ya dari, mbali na watoto, akiogopa kukitupa. Akakileta kwa jani la mgomba, hakukigusa.

Nikakinusa. Farasi mtupu.

"Mzee, dawa yenu ndiyo hii," nikasema, nikatoa chupa ya kifuniko cheusi. "Inauzwa Voi, mtu yeyote anaweza kununua. Naomba kibuyu safi, maji ya kunywa na gunzi jipya."

Wakaleta. Nikajipaka viganjani, nikamwita mzee mmoja anuse nikiwa nje penye ukungu. Akasema hasikii kitu. Nikakishika kile kibuyu kama alivyokishika Mwadime, nikalisukuma gunzi kwa kiganja, nikasukuma tena, kisha nikaingia ndani nikakaa karibu na moto. Tulingoja kidogo tu. Mama mmoja akaanza kukohoa. Mwingine akafungua mlango. Baba yake Mkawasi akakichukua kibuyu, akaonja yale maji, akatema motoni kama alivyotema Jumamosi, halafu akanitazama na uso wake ukaanza kulegea.

"Ni hii hii!" akasema. "Jamani, ni hii hii!"

Wakaanza kucheka. Kicheko kilianzia kwa wazee kikafika kwa wanawake waliokuwa nje. Mzee mmoja akasema amekaa siku mbili akitafuta majani ya kujizindua, kumbe alitegewa marashi. Mzee Righa akafuta macho kwa kofia yake. Hata Mwadime akainua kichwa, meno yake yakaonekana. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Jina la mtu lilikuwa limerudi mahali pake.

Ikaletwa mbangara nyingine, ya jirani, kwa kibuyu ambacho Mwadime hakuruhusiwa kukikaribia. Na kwa kuwa kule msichana huulizwa mbele ya wazee kabla hawajanywa, akaitwa Mkawasi.

Aliingia msichana mfupi, mtulivu, mikono yake bado ina unga. Baba yake akamwuliza, "Mkawasi, umesikia mambo yamekwisha. Tunywe?"

Akanigeukia mimi.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye uliyemuuzia?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

"Ulijua itakuwa hivi?"

"Nilimwambia achukue nyepesi. Nilimwambia zaidi ya mara moja."

"Akasemaje?"

Nilimtazama Mwadime. Alikuwa bado anatabasamu, hakuona mahali maswali yale yanakwenda. Mimi niliona. Nilikuwa nimepanda mlima kusema ukweli, na ukweli ule ndio uliomwokoa. Sikuona ningewezaje kuukata katikati.

"Alisema mwanamke hawezi kumwambia mwanamume anukie vipi."

Wazee wakacheka tena, wakidhani ni sehemu ya mzaha. Mkawasi hakucheka.

"Baba, msinywe."

Kicheko kikaisha. Baba yake akasema, "Mwanangu, si umesikia hakukuwa na dawa?"

"Nimesikia." Sasa alimtazama Mwadime mwenyewe. "Mkonge naujua, baba mdogo alifanya kazi huko. Ulipokuwa ukija kuniona pale kisimani ulikuwa unanuka mkonge, na mimi nilikuwa nakungoja. Haikunisumbua hata siku moja. Lakini huyu mama anajua kazi yake, alikushauri mema, na wewe ukamcheka mbele ya watu kwa sababu ni mwanamke. Mimi nitakushauri mara ngapi katika nyumba yako?"

Mwadime aliinamisha kichwa tena. Ninaamini alikuwa na maneno mengi ya kujitetea juu ya dawa, na hata moja juu ya hili hakuwa nalo. Kibuyu kikabaki pale katikati, kizibo chake kikavu, hakuna aliyekigusa.

Tulishuka pamoja, sisi watatu, katika basi moja. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya baridi, na kadiri tulivyokaribia Voi joto likaongezeka, na lile koti lake likaamka. Abiria wakaanza kulalamika, ni nani huyu, ni nani. Mwadime akalivua, akalikunja, akaliweka chini ya miguu yake. Alikuwa analia kimya. Mzee Righa akatazama nje. Mimi, niliyekuwa nimempania maneno makali tangu Jumatatu asubuhi, nikasogeza dirisha letu kidogo apate hewa.

Mkawasi aliolewa baadaye na fundi wa viatu wa upande wa Taveta, na nasikia nyumba yao ina kelele nyingi za watoto na mashauri. Mwadime alikaa muda mrefu bila kuonekana sokoni. Halafu alasiri moja yenye jua kali akaingia dukani, peke yake, mlangoni hakuna mwenzake. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza. Alinuka mkonge, na safari hii hakusimama mbali.

Nikadhani atanyosha kidole kwenye kifuniko cheusi. Akaweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja juu, kama mtu anayeonyesha kwamba hakubeba kitu.

"Shikamoo, mama. Wewe unaonaje, nichukue ipi?"

Katika miaka yangu yote ya kazi ile, wanaume walioniuliza hivyo ni wachache sana. Nikamtia nyepesi nyuma ya kiganja, nikamwambia asisugue, aende kwanza sokoni kisha arudi. Akaenda. Nikakaa nikimwangalia akipita kwenye jua, mkono ameunyosha mbele asiharibu, na nilitamani, Mungu anajua nilivyotamani, swali lile angeliuliza mara ya kwanza.